Mgeni wa Marehemu Mama

Bweni, Pangani
12 Februari 1984

Kwa mdogo wangu Sabiri,

Nakusalimu kwa salamu zote unazozijua, na zile ulizozisahau huko milimani Amani nakukumbusha. Sisi ni wazima wa kulala na kuamka. Shemeji yako Uweso mgongo unamsumbua. Siku hizi anakwea minazi michache kuliko zamani na analalamika zaidi kuliko zamani. Khadija yuko darasa la saba mwaka huu, urefu ameshanipita, na adabu bado anayo, tumshukuru Mungu.

Pantoni limekufa tena tangu mwezi uliopita, kwenda Pangani mjini tunavuka kwa mtumbwi. Sabuni hakuna, tunafulia majani ya mpapai. Jirani yetu Bi Saleha amefariki, Mungu amrehemu. Sanda tuliiombea kibali, na kibali kikatoka siku mbili baada ya mazishi. Tumemzika na shuka yake ya harusi. Mwenyekiti akauliza kama bado tunakitaka kile kitambaa, tukamwambia akiweke, wapo wengine njiani.

Juma lililopita tumefukia makumbi kule matopeni, wanawake sita. Unakumbuka kazi ile: magoti kwenye tope, makumbi ya nazi yanapangwa shimoni, tope juu, mawe juu, na kijiti cha alama. Tutayafukua mwezi wa nane, yakisha kulainika, tuyapige tutoe nyuzi za usumba tusokote kamba. Kazi ndiyo ile ile, ila magoti siyo yale.

Lililonifanya nitafute karatasi ni hili. Yule mgeni aliyemjia marehemu mama, na mimi amenifikia. Yuko upande wa kushoto. Ni mdogo, kama punje ya kunde, wala haumi. Uweso hajui, Khadija hajui. Nakwambia wewe kwa sababu wewe ndiye uliyempeleka mama kwa daktari Tanga, na wewe ndiye uliyerudi na habari zake. Nijibu.

Dada yako,
Asmahani


Amani
20 Machi 1984

Dada yangu mpenzi, shikamoo.

Barua yako imechukua wiki tatu na siku mbili, nimeipata ikiwa imelowa pembeni. Mimi ni mzima, namshukuru Mola, isipokuwa baridi. Mvua imeanza mapema mwaka huu na njia ya kushuka Muheza imekatika mahali pawili. Lori la kituo chetu cha misitu halina dizeli tangu Krismasi. Sisi wa kitaluni tumeambiwa tuendelee na kazi kwa moyo wa kujitolea. Moyo upo, mifuko ya plastiki ya kuoteshea miche ndiyo haipo, kwa hiyo tunaotesha kwenye vikoba vya maganda ya mgomba. Mivule elfu moja na mia mbili imeshachipua. Laiti ungeiona, dada, asubuhi ukungu unapoondoka.

Nimesikitika sana kwa Bi Saleha. Mwambie shemeji Uweso ajikande mgongo na maji ya moto yenye chumvi. Mwambie Khadija ashike hesabu, kwani ndiyo inayowaangusha wengi.

Hapa tumepata nesi mpya katika zahanati, anaitwa Praxeda, Mbondei wa Magila. Anasema sana na anacheka kwa sauti, lakini kazi anaijua. Kipande cha sabuni nilichokufungia humu ni yeye aliyenigawia.

Nimesikia yote uliyoyaandika. Karatasi inaniishia.

Mdogo wako,
Sabiri


Bweni
2 Mei 1984

Sabiri,

Marahaba. Sote hatujambo.

Nimepata barua ya kurasa mbili, mivule elfu moja na mia mbili, ukungu, na kipande cha sabuni. Ahsante kwa sabuni. Mgeni hukumsalimia hata kwa neno moja. Nimeisoma barua mara tatu nikidhani labda nimeruka mstari, mwisho nikampa Khadija anisomee kwa sauti, asijue natafuta nini. Kumbe macho yangu ni mazima.

Basi acha nikupe habari zake mwenyewe. Amekua. Sasa ni kama kokwa ya zambarau. Haumi bado. Nampaka mafuta ya nazi yenye habasoda, na kila Ijumaa nakunywa kombe la aya aliloniandikia Shekhe pale msikitini. Nilimwambia ni la tumbo. Ninamstahi mgeni kama tulivyomstahi wa mama, maana ndivyo ulivyotuambia mwaka ule: kaeni naye vizuri, msimbughudhi, ataondoka mwenyewe. Mama alikaa naye vizuri miezi kumi na moja. Mwisho akaondoka naye, lakini aliondoka bila kelele, na watu walimsifu kwa subira yake.

Sikuombi mengi. Nataka uniambie tu kama daktari alisema neno jingine siku ile, la kula au la kunywa, au la kujiepusha nalo. Usiniandikie habari za miche.

Asmahani


Amani
9 Juni 1984

Dada yangu, shikamoo. Salamu kwa shemeji na Khadija. Mimi sijambo.

Umenikasirikia na una haki. Nilipoisoma barua yako ya kwanza nilikaa nayo mfukoni wiki mbili, kisha nikaandika ile uliyoipata. Ni barua ya mtu mwoga.

Nimemwambia nesi Praxeda. Usinilaumu, huku hakuna anayekujua. Nilimwambia, "Dada yangu ana mgeni." Akasema, "Mkaribisheni ugali." Nikamwambia si mgeni wa namna hiyo, ni wa mwilini. Akauliza mwilini wapi. Dada, nina miaka thelathini na miwili, na nilishindwa. Niliweka mkono kwenye mfuko wa shati langu, huu wa kalamu, nikatazama dirishani. Akaacha kucheka. Akasema, "Mwambie aende Tanga hospitali ya mkoa mwezi huu huu. Asingoje mwezi ujao."

Kwa hiyo sitaki tena kumwita mgeni. Nitakwambia ninavyoliona mimi, kwa kazi yangu. Kuna mti huku unaoanzia juu ya mti mwenzake. Ndege huiacha mbegu kwenye tawi, ikachipua kidogo tu, majani mawili, matatu, unaona kama urembo. Mizizi yake inateremka taratibu, inamzunguka mwenyeji mpaka inamkaba, na baada ya miaka unakuta ndani hamna kitu. Dawa yake ni moja. Unapanda na panga siku unapouona, unaukata ungali na majani mawili. Nimefanya hivyo mara nyingi na mti umepona.

Nenda Tanga, dada. Wakikwambia wakate, waache wakate.

Sabiri


Bweni
15 Julai 1984

Kwa Sabiri, mtu wa mapanga,

Amani ya Mungu iwe juu yako na juu ya huyo nesi wako. Uweso anakusalimu. Khadija anasoma kwa koroboi, na mafuta ya taa yakikosekana anasoma kwa kukumbuka.

Mimi si mti, Sabiri. Mti haujui unakatwa. Tangu nilipoisoma barua yako silali upande wa kushoto, nahisi mizizi inatembea. Nilikuwa na mgeni, mgeni mtu unaweza kukaa naye, ukafagia ukapika na maisha yakaendelea. Wewe umeniletea kitu cha kunikaba, na huku umekaa kwenye ukungu wako huko. Kama ni kunitisha, umefaulu.

Hata hivyo sikukaa bure. Tarehe ishirini na nane mwezi uliopita nilivuka nikaenda hospitali hapa Pangani, nikamwambia Uweso nakwenda kutafuta uzi. Dirishani alikaa kijana mmoja anaitwa Noa, mwenye sauti ya kunadi samaki. "Mama, unaumwa nini?" Nyuma yangu foleni, na katika foleni mwalimu wa Khadija na baba mkwe wa jirani. Nikasema kikohozi. Nikakohoa kidogo ili aniamini. Nilipewa chupa ya dawa ya kikohozi, na kwa kuwa ilikuwa chupa ya mwisho nikawaonea haya hata wanaokohoa kweli. Khadija ameinywa.

Sasa nisikilize, maana na mimi nina kazi yangu na inanifundisha. Kumbi la nazi ukilipiga likiwa bichi utaumia mikono wewe, na usumba utakatika vipande. Ndiyo maana tunalifukia. Likikaa kwenye tope kwa muda wake linalainika lenyewe, halihitaji nguvu. Mambo mengi nimeyafukia hivyo. Mimba mbili zilizoharibika niliyafukia maumivu yake, na yule mwanamke wa Mwera aliyekuwa akimpikia Uweso nilimfukia, na kila kitu kilipofika muda wake nilikishika mikononi kikawa laini. Hili nalo nimelifukia. Mwezi wa nane mwishoni tunafukua makumbi. Tukimaliza kuyapiga, nitakwenda Tanga. Usiniharakishe. Nimechoka, Sabiri, hata kuogopa kunanichosha.

Asmahani


Amani
3 Agosti 1984

Dada Asmahani,

Shikamoo. Leo sina habari za huku.

Makumbi hulainika kwa sababu yanaoza. Wewe unalijua hilo kuliko mimi, harufu yake tumeishi nayo. Lakini sitaki kushindana na wewe kwa mifano. Mimi ndiye niliyeanza mchezo huu, na sasa nitakwambia nilivyouanza. Kaa chini kwanza. Kama Khadija ndiye anayekusomea, mwondoe.

Mwaka sabini na moja nilipompeleka mama Tanga nilikuwa na miaka kumi na tisa. Daktari alimpima nyuma ya pazia, kisha akamwambia akapumzike nje, akaniita mimi. Mimi ndiye mwanamume. Alifunga mlango akasema maneno haya, nayajua yote kwa mpangilio wake: "Mama yako ana saratani ya titi. Bado ni ndogo. Akilazwa wiki hii tutalikata, na ana nafasi nzuri ya kupona. Nenda ukamweleze, kisha mrudi pamoja."

Nilitoka. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi anamenya chungwa. Akanipa nusu. Akauliza, "Kasema nini?" Nikafungua kinywa. Dada, lile ni neno ambalo sikuwahi kulitamka mbele ya mama wala mbele yako, wala sikuwahi kumsikia mtoto wa kiume wa kwetu akilitamka. Nilitafuta jingine la heshima, sikulipata. Nilikuwa na chungwa mdomoni. Nikasema, "Kasema una mgeni, mama. Ukae naye vizuri, ataondoka mwenyewe."

Daktari hakusema hivyo. Nilisema mimi.

Mama alicheka. Akasema, "Mgeni tu? Na mimi nilidhani maradhi." Akasimama akajifunga buibui lake vizuri, na tukaenda kutafuta basi. Sikurudi kwa daktari. Njiani nikajiambia nitasema tukifika Pangani. Kwenye pantoni nikajiambia nitasema nyumbani, nitakwambia wewe, kwa kuwa wewe ni mwanamke utajua namna ya kumwambia. Usiku ule ule nilikuja mpaka mlangoni kwako. Ulikuwa umekaa kwenye mkeka unamnyonyesha Khadija. Nilisimama pale, nikageuka nikaenda zangu.

Asubuhi nilikuta nyumba nzima inasema mgeni, mgeni. Mmekwisha kumpokea. Mlikuwa mmetulia, na mimi nikaona utulivu ule ni kazi yangu nzuri. Niliwapa neno, na neno likawafundisha la kufanya: mkatandika, mkapika, mkangoja. Hakuna aliyeuliza habari ya kukata, kwani nani anamkata mgeni? Baada ya miezi mitano mama alipoanza kutoa harufu nilitaka kusema, lakini kwa wakati ule kusema kungekuwa kukiri. Alipozikwa niliomba kazi mbali kadiri nilivyoweza. Watu wanadhani nilipenda misitu.

Sasa naliandika, dada yangu, kwa kalamu yangu. Mama alikufa kwa saratani ya titi ambayo ingekatwa. Wewe una uvimbe kwenye titi la kushoto. Si mgeni, si mti, wala si kumbi. Nenda Tanga. Mwambie huyo Noa na foleni yake yote. Usingoje makumbi.

Sikuombi msamaha katika barua hii, nisije nikaonekana nimeiandika kwa ajili hiyo.

Sabiri


Amani
30 Septemba 1984

Dada, shikamoo.

Wiki ya nane sasa sijapata jibu. Nimeuliza posta Muheza, wanasema barua za Pangani zinafika. Nimemwandikia shemeji, na yeye kimya. Praxeda ananiambia nije. Nimepata ruhusa ya siku saba, nimefunga begi mara mbili na mara mbili nimelifungua. Sijui nitasimama mlangoni kwako nikiwa nani.

Niandikie hata kunitukana. Nipe neno moja tu kama umekwenda.

Sabiri


Tanga
21 Novemba 1984

Sabiri,

Marahaba. Nakuandikia kutoka wodini, kitanda cha dirishani, kwa mkono wa kulia peke yake, maana wa kushoto haujanyanyuka bado kushika karatasi. Kwa hiyo usicheke mwandiko.

Barua yako ya Agosti niliipata tarehe kumi na tisa. Niliisoma peke yangu, nikaikunja, nikaenda kupika. Siku tatu nilipika na kufagia tu. Ya nne nilikwenda kaburini kwa mama nikakaa mpaka jua likaniunguza, nikarudi. Hivyo ndivyo kimya changu kilivyokuwa. Sikuwa na la kukuandikia ambalo lingefaa kusomwa.

Wenzangu walikwenda kufukua makumbi, mimi sikwenda. Nilimwita Uweso ndani nikamwambia: nina uvimbe kwenye titi, mama alikuwa na huo huo, nakwenda Tanga. Mwanamume yule niliyemficha miezi sita, niliyedhani atapiga kelele, aliniuliza kama unaniuma. Hilo tu. Nikalia kwa kuulizwa. Halafu nikamwita Khadija, nikamwambia maneno yale yale mbele ya baba yake. Akaona haya, akainamisha kichwa. Nikamwambia ainue, na nikamfundisha jinsi ya kujishika na kutafuta. Huenda watu watasema nimemharibu mtoto.

Tulikaa Tanga wiki mbili tukingoja nafasi, na nyingine tukingoja glovu na uzi wa kushonea, ambavyo ilitubidi tutafute wenyewe. Mji umebadilika, Sabiri. Mwezi wa pili hata sanda haikuonekana, na sasa madukani mna sabuni za rangi tatu na vitenge vimetundikwa mpaka barabarani. Uweso aliuza mtumbwi wetu wa kuvukia, tukapata fedha za kununulia. Glovu tulizipata kwa Bwana Burhanuddin, nyuma ya soko, na uzi alitupa mkewe Bi Nargis bila kutuambia bei. Aliuliza naumwa nini. Nikamwambia. Akasema na dada yake alikuwa nao, akafunga duka akaja kunisindikiza mpaka getini.

Kabla ya kunikata daktari alikuja, akamgusa Uweso bega, akampeleka nje ukumbini. Niliwaona kwa mlango uliokuwa wazi nusu. Mdomo wa daktari unasema, na Uweso anaitikia kwa kichwa. Nikashuka kitandani. Nesi akaniambia nilale. Nikaenda mpaka pale nikasema, "Daktari, mwili ni wangu. Niambie mimi." Alimtazama Uweso. Uweso akasema, "Mwambie yeye." Akaniambia yote, hakuacha kitu, na mimi nikasikia kwa masikio yangu jina lake na ukubwa wake na mahali ulipofika. Umeshaingia kwapani.

Wamelikata titi na vivimbe vya kwapani. Nilimuuliza daktari kama tumewahi. Akasema hajui, tungoje mwaka. Nikamuuliza tena, akasema tena hajui, na nikamshukuru.

Usiku mrefu hapa, mtu anafikiri mengi. Kuna saa namwona kijana wa miaka kumi na tisa mwenye chungwa mdomoni, nikamwonea huruma mpaka nikataka kumfuta uso. Kuna saa nahesabu. Mama angekuwa na miaka sitini na nane. Angemwona Khadija alivyokua. Tena mimi mwenyewe nilimfukizia udi chumbani ili wageni wasisikie harufu, na nikamwambia mama avumilie, avumilie, na kila nilipomwambia hivyo wewe ulikuwa nje barazani unanisikia. Hilo ndilo linalonishinda. Nimejaribu, Sabiri. Sijakusamehe. Nakwambia wazi, kwa kuwa tumekubaliana kuambiana wazi.

Lakini njoo. Usingoje nikusamehe ndipo uje, maana sijui kipi kitatangulia.

Asmahani